Muziki Tuliourekodi kwa Hasira

Mwalimu wangu hakurekodi muziki wake kwa kuupenda ulimwengu. Alirekodi kwa sababu alitaka mtu mmoja aumie. Aliniambia hivyo kwa kinywa chake, akiwa ameketi kitandani katika nyumba yao ya kupanga kule Newburg, mtaa mmoja wa Louisville, mkono wake wa kulia umelala pajani kama kitu kisicho chake, na mkewe akimlisha uji wa mchele kwa kijiko.

"Nikifa hivihivi, atabaki nao yeye peke yake," alisema. "Sasa nitawapa watu wote. Tuone ataringa na nini."

Nilimwambia nitamsaidia. Sikumwambia asamehe. Nami nilikuwa na langu moyoni.

Mimi ni Mrundi. Nilizaliwa safarini tukikimbia, nikakulia kambini mkoani Kigoma, na nilipoletwa Louisville, Marekani, nilikuwa tayari mtu mzima mwenye mama mgonjwa wa kumtunza. Mama alipofariki nilibaki peke yangu katika nyumba yetu ya ghorofani pale Newburg. Asubuhi nilikuwa kiwandani nikikata nyama ya nguruwe katika baridi inayogandisha vidole, alasiri nilikuwa nimesharudi. Hapo ndipo sauti ilipokuwa ikipanda kutoka chini: mbao zinagongwa, haraka na safi, kama mvua inayojua inakokwenda. Wapangaji wengine walilalamika. Mimi sikulalamika. Siku nilizokuwa natwanga isombe, majani ya muhogo, kwenye kinu changu kidogo, nilijikuta nafuata mwendo wake.

Siku moja mke wake alipanda akabisha hodi. Alikuwa bibi mfupi wa Kithai, mgongo umenyooka, nywele zimebanwa vizuri. Nilianza kuomba radhi kwa ajili ya kinu, lakini alinikatisha.

"Mume wangu anauliza kwa nini juzi uliacha katikati."

"Niliacha nini, Bibi?"

"Kutwanga. Alikuwa hajamaliza wimbo."

Ndivyo nilivyoshuka kwao. Nilimkuta mzee mwembamba ameketi sakafuni mbele ya marimba yenye umbo la mtumbwi. Wao huiita ranat. Mbao zake zimetungwa kwenye kamba na kuning'inizwa juu ya sanduku lililopinda, na chini ya kila ubao pamebandikwa donge la nta iliyochanganywa na madini ya risasi ili sauti ikae mahali pake. Alinipa vigongo viwili nikajaribu. Hakucheka. Aliniambia nirudi siku ya Alhamisi na maua na mshumaa, kwa sababu kwao mwanafunzi hupokewa siku hiyo. Kanisani kwetu kuna walionionya juu ya ule mshumaa. Niliuwasha hata hivyo. Kumheshimu mwalimu si kuabudu miungu, na aliyeona vinginevyo hakuwahi kunifundisha kitu.

Tuliongea Kiingereza chetu kibovu, chake na changu, na kilitutosha. Nilimwita kru, yaani mwalimu. Hakuwa na karatasi hata moja. Aliimba kipande kwa mdomo, kwa silabi zisizo na maana, nami nikakitafuta kwenye mbao mpaka nikipate. Hakuongeza kingine mpaka kile cha kwanza kiingie mikononi. Alinieleza kwamba wimbo ni kama safari ya kutoka Louisville hadi Columbus: wote mnaondoka hapa na wote mnafika kule, ila kila nyumba ya mwalimu ina njia yake ya kupita katikati. Njia ya nyumba yake aliipokea kwa mwalimu wake, kwa mdomo na mkono, naye aliipokea kwa wake. Nyumba hiyo haikuwa na watu wengi. Vita, umaskini na redio viliwamaliza.

Niliposikia hayo nilimkumbuka babu yangu mzaa baba. Alipiga inanga, ule ubao wenye nyuzi ambao mpigaji huuimbia kwa kunong'ona. Alifia kambini. Watu wenye vinasa sauti walifika mara nyingi kambini, lakini walikuja kutuuliza tulikimbia nini, hawakuuliza tuliimba nini. Leo hakuna mtu duniani anayeweza kunirudishia hata mstari mmoja wa yale aliyonong'ona. Hasira hiyo nilikuwa nayo kabla sijamjua Mzee. Sikuwa na mtu wa kumtupia.

Huyo mtu alitokea Columbus.

Alikuwa Mthai, wa makamo, mwenye mgahawa mzuri na kundi la wapiga muziki waliovaa hariri. Zamani, alipokuwa kijana asiye na kitu, alikaa kwa Mzee miaka mingi. Alilala sebuleni kwao, Bibi akimpikia na kumfulia, Mzee akimfundisha. Baadaye alihamia Columbus, akafanikiwa, na watu wakaanza kumwita bingwa. Mzee alipopatwa na kiharusi, bwana huyo alikuja hospitali na kikapu cha matunda, akalia kweli, akamshika Bibi mikono. Kisha akaenda nyumbani kwao akaichukua marimba ya zamani, ile ambayo mbao zake zilitoka kwa mwalimu wa Mzee. Alisema nyumba ya Newburg ina unyevu na ataitunza mpaka mwenyewe apone.

Mzee alitoka hospitali, marimba haikurudi. Bibi alipiga simu, haikupokewa. Halafu habari zikaanza kutufikia kupitia Wathai wengine: kwamba akili ya Mzee imekwenda pamoja na mkono, kwamba alimrithisha marimba kwa kinywa chake, kwamba yeye wa Columbus ndiye mrithi pekee aliyebaki wa nyumba ile. Waswahili wanasema fadhila ya punda ni mateke. Huyu hakuishia kwenye mateke, alitaka na banda.

Nilimpigia mimi, kwa simu yangu ambayo namba yake hakuijua. Nilijitambulisha kama mwanafunzi wa Mzee. Alicheka.

"Wewe ndiye yule wa kiwanda cha nyama?"

"Ndiye."

"Bibi aliwahi kuniambia. Basi mwambie Mzee apumzike. Na wewe endelea na nguruwe wako. Mikono ya kukatia nyama haibebi kitu kama hiki."

Kanisani tunafundishwa kumwachia Mungu kisasi. Waliochoma nyumba yetu Burundi nimemwachia. Huyu mmoja nilimwomba aniachie mimi.

Kiangazi hicho kulikuwa na tamasha la mataifa katika bustani moja ya Columbus, na kundi la yule bwana lilikuwa limetangazwa kuwa litapiga. Bibi aliamua twende. Niliendesha gari mimi, Mzee mbele na kiti chake cha magurudumu nyuma. Bibi alivaa sketi ya hariri ya rangi ya zambarau ambayo sijawahi kumwona nayo tena, na begani alitupia kitambaa kikubwa.

Yule bwana alipomwona Mzee aliharakisha kuja. Alipiga magoti kwenye majani mbele ya kiti cha magurudumu, viganja vimekutana, kichwa chini, na watu wakapiga picha. Kwa macho ya mgeni ilikuwa heshima tupu.

"Marimba yangu iko wapi?" Mzee aliuliza.

"Iko jukwaani, kru. Leo nakupigia wewe. Tukimaliza tutaongea."

"Tuongee sasa."

"Baada ya onyesho, kru. Watu wananisubiri." Akainuka, akapangusa magoti, akaenda kusalimiana na wafadhili.

Marimba ilikuwa mbele kabisa ya jukwaa, imefunikwa shela nyekundu. Bibi aliniambia nimfuate. Alipanda ngazi za jukwaa taratibu, na hakuna aliyemzuia, kwa sababu nani amzuie bibi kizee aliyevaa hariri katika tamasha la watu wake? Aliingiza mikono chini ya shela, akaziondoa kamba kwenye ndoano, upande mmoja kisha wa pili. Mbao zilizotungwa kwenye kamba hukunjwa kama mkeka. Alizikunja, akazifunga kwenye kile kitambaa, akanikabidhi, kisha akaitandika shela vizuri juu ya sanduku tupu. Mzigo ulikuwa mzito na ulinukia nta. Nilipita nao katikati ya watu waliokuwa wakila mishikaki, nikauweka kwenye buti la gari.

Nilitaka kuondoka mara moja. Bibi alikataa. Aliniambia nisogeze gari mahali ambapo jukwaa linaonekana, nizime injini.

Tulimwona yule bwana akipanda. Mtangazaji alimwita bwana mkubwa wa muziki wa kale, watu wakapiga makofi. Aliketi, akainama kuwasalimu walimu waliokufa, akashika shela kwa vidole viwili na kuiondoa kwa madaha. Kisha akabaki vilevile, shela mkononi, akilitazama sanduku. Aliangalia nyuma yake, akaangalia chini ya jukwaa. Wenzake wenye ngoma na matoazi walitazamana. Mzee, ambaye tulikuwa tumemrudisha kwenye kiti cha mbele, alicheka mpaka mate yakamtoka upande ule uliolegea wa mdomo. Bibi akampangusa.

"Sasa twende," Bibi akasema.

Yule bwana hakuita polisi. Angesema ameibiwa nini, na nani?

Tukarudi Newburg. Mzee alikuwa na sanduku la kujifunzia, la mbao za kawaida, na tulizining'iniza zile mbao za zamani juu yake. Tatizo lilikuwa mkono. Ranat hupigwa kwa mikono miwili inayosema jambo lilelile: wa kushoto chini, wa kulia juu, umbali uleule, wakati mmoja. Mkono wake wa kushoto ulikuwa mzima na wa kulia umekufa. Bibi ndiye aliyenisukuma nikae upande wa kulia wa Mzee, bega kwa bega, akaniwekea kigongo mkononi. Nikawa mkono wake wa kulia.

Mwanzoni ilikuwa aibu. Nilichelewa, nikawahi, niligonga ubao wa jirani. Vidole vyangu vilitoka kiwandani vikiwa vigumu, na Bibi aliniwekea bakuli la maji ya moto nivilowanishe kabla ya kuanza. Mzee hakunisubiri wala hakunifokea. Aliimba kipande kwa mdomo, akakipiga kwa mkono wa kushoto, akanitazama. Nikakipata, tukakipiga pamoja. Siku nyingine nilihisi bega lake likisogea kabla ya mkono, nikajua linakokwenda. Siku hizo tulirekodi.

Kinasa sauti tulikipata kwa dada mmoja Mkenya niliyewahi kusali naye Louisville kabla hajahamia Buffalo. Alikuwa akifanya kazi kwenye hifadhi ya sauti ya chuo kimoja huko Amherst, pembeni ya Buffalo. Nilimpigia nikamweleza mambo yote, pamoja na hasira. Alisikiliza hadi mwisho.

"Hasira yenu hainihusu, dada," alisema. "Mimi nataka sauti iwe safi. Zimeni friji, feni, simu. Mwanzoni mseme ni nani anapiga, yuko wapi, na alijifunza kwa nani. Na mkikosea msikate. Acheni makosa yabaki, rekodini tena pembeni."

Akatutumia mashine kwa posta. Tulizima friji kila mara, na samaki wa Bibi wa kwenye barafu waliyeyuka, tukawa tunawala siku hiyohiyo. Tulirekodi nyimbo nzima, kisha Mzee peke yake akiziimba kwa mdomo, kisha polepole mkono wa kushoto tu, ili mtu aliye mbali asiye na mwalimu aweze kufuata. Kabla ya kila wimbo alisema maneno kwa Kithai. Nilijifunza kuyatambua. Alitaja jina la mwalimu wake, na la mwalimu wa mwalimu wake, na waliowatangulia kadiri alivyowajua. Kisha akataja wanafunzi wake: mmoja aliyekufa, mmoja aliyeacha muziki akawa dereva, na wa tatu mimi. Mimi alinieleza kwa maneno mengi kidogo, na Bibi alinitafsiria akitabasamu: mwanamke wa Burundi anayekaa juu ya nyumba yetu na kutwanga majani kwa mwendo ulionyooka.

"Kru, umemruka yule wa Columbus," nilimwambia mara ya kwanza, nikidhani labda ni kiharusi.

"Sikumruka. Hayumo."

Kwao, katika muziki usioandikwa, mtu huwa mpigaji kwa kutajwa na mwalimu wake. Hakuna cheti. Asiyetajwa ni mtu anayegonga mbao tu. Nilipolielewa hilo nilifurahi kwa furaha mbaya ambayo sijawahi kuiombea toba.

Tulipomaliza, Mzee alitaka kuiona hifadhi kwa macho yake. "Siwezi kumlaza mtoto katika nyumba nisiyoijua," alisema. Kwa hiyo tulikwenda Buffalo, theluji ikiwa imeanza kuanguka. Njia hupita Columbus. Bibi alikataa tusimame hapo hata kwa choo; tulisimama mbele ya safari, sote tumebanwa.

Amherst ni mahali pa magari na majengo makubwa ya chuo. Dada Mkenya alitupokea akatuingiza katika chumba chenye baridi ya kupimwa, rafu hadi juu, mikanda ya watu waliokwisha kufa wa kila lugha. Alimwonyesha Mzee mashine, akamweleza kwamba sauti yake itawekwa nakala sehemu zaidi ya moja, ili hata jengo moja likiungua ibaki. Mzee alipapasa rafu kwa mkono wa kushoto akaridhika.

"Sasa tuseme masharti," yule dada alisema. "Nani aruhusiwe kusikiliza?"

"Watu wote," Mzee alijibu. "Mtoto, mlevi, mfungwa. Wote. Isipokuwa mtu mmoja." Akamtaja.

Dada alinitazama mimi, kisha akamtazama Mzee. "Hilo siwezi, Mzee. Mlango huu ama uko wazi ama umefungwa. Nikimkataza yeye, atatumia jina la mwenziwe. Nitajuaje?"

"Basi funga," Bibi akasema papo hapo. "Funga kabisa. Asisikie mtu."

 Mzee alikuwa akitazama nje dirishani, ambapo wanafunzi walikuwa wakifuta theluji kwenye vioo vya magari. Uso wake ulikuwa ukipigana. Nilijua anachokipima, kwa sababu nilikuwa nakipima pia: kumnyima adui maji kwa kufukia kisima, au kukiacha wazi na kumwona naye akinywa.

"Nikifunga," alisema mwishowe, "nitakuwa nimemtunzia yeye. Atabaki kuwa peke yake anayejua. Fungua. Lakini maneno yangu ya mwanzo yasikatwe. Kila wimbo, kila mara. Anayetaka muziki ayapitie kwanza."

"Hayatakatwa," dada alisema. "Hiyo ndiyo kazi yetu, kutokukata."

Kisha akauliza kama kuna chochote ambacho hakijarekodiwa. Aliuliza kwa upole. Alisema hata nyimbo zenye miiko zinaweza kuhifadhiwa, zikafungwa kwa miaka mingi, zikasubiri mtu anayestahili.

Nilijua upo mmoja. Ni muziki wa kuwaalika walimu waliokufa, unaopigwa katika sherehe ya kuwaheshimu walimu. Hupewa mtu mmoja aliyekomaa, mwalimu akimshika mikono, na bila huo huwezi kuongoza sherehe wala kuwapokea wanafunzi kwa haki. Yule wa Columbus aliuomba miaka na miaka.

"Hakuna mwingine," Mzee alisema.

Ndani ya gari nilimuuliza. Alisema upo, ila yule wa Columbus akijua umelala mahali fulani hata kwenye sanduku la chuma, atasubiri, na wanawe watasubiri. Bora asiwe na cha kusubiri.

"Nipe mimi," nilisema. Ilinitoka tu.

"Wewe hujafika. Na muda wa kukufikisha sina." Alisema bila ukali, akaushika mkono wangu wa kulia juu ya gia kwa mkono wake wa kushoto. Tulikwenda hivyo mwendo mrefu. Sikumlaumu. Lakini nilijua siku hiyo kwamba kisasi chetu kilikuwa na meno pande zote mbili.

Rekodi zilipofunguliwa kwa watu, haikupita muda mrefu. Wanafunzi wa yule bwana ni watoto wa Kithai waliozaliwa Marekani, na mambo haya wanayapata kwenye simu kabla ya wazazi wao. Walisikiliza. Wenye kuelewa Kithai waliuliza kwa nini mwalimu wao hatajwi. Wazazi nao wakauliza.

Yule bwana alikuja Newburg siku ya Jumamosi mchana, akiwa amelibeba lile sanduku tupu lenye umbo la mtumbwi. Nilikuwa nashuka ngazi. Aliliweka mlangoni akapiga magoti kwenye zulia chakavu la varanda, na safari hii hapakuwa na wa kumpiga picha. Bibi alifungua mlango bila kuondoa mnyororo.

"Mama, nimerudisha," alisema. "Naomba nimwone kru. Dakika moja."

"Amelala."

"Nitasubiri aamke."

"Hata akiamka, kwako atakuwa amelala."

Aliponiona aliinua uso. Macho yalikuwa mekundu. "Dada, tafadhali. Wewe anakusikiliza. Niombee."

Nilikuwa nimeingojea siku hiyo na sikuwa nimeandaa maneno, lakini yalikuja yenyewe. "Mimi ni wa nguruwe, bwana. Mambo makubwa haya siyawezi."

Alifumba macho. Ndani tulisikia sauti ya Mzee ikimwita Bibi, maneno machache ya Kithai. Bibi aliondoa mnyororo, akaliburuta sanduku ndani, akafunga mlango na kuurudisha mnyororo. Baadaye aliniambia maneno yalikuwa haya: chukua sanduku, mtu abaki nje.

Alibaki pale mpaka jua likageuka upande wa pili wa jengo, kisha akaondoka.

Mzee alifariki mwanzoni mwa majira ya kuchipua, usingizini, mbao za zamani zikiwa zimerudi kwenye sanduku lake. Ibada ilikuwa hekaluni kwao, nje kidogo ya Louisville. Watawa waliimba. Hapakuwa na mpigaji wa kutosha kwa muziki wa mazishi. Mimi peke yangu ni mkono mmoja. Yule bwana alikuja na kundi lake, wote wamevaa nyeusi na nyeupe, vyombo vikiwa garini, wakisubiri kuitwa. Bibi hakuwaita. Aliniambia niwashe rekodi.

Niliwasha. Sauti ya Mzee ikajaza ukumbi, imelegea kidogo upande mmoja lakini inaeleweka. Akawataja walimu wake. Akawataja wanafunzi. Watu wakaanza kugeuka, mmoja mmoja, kumtazama aliyekaa nyuma. Kisha mkono wake wa kushoto na wangu wa kulia ikaanza kupiga. Yule bwana aliinamisha kichwa mpaka wimbo ukaisha. Ulikuwa wimbo mrefu. Mimi nilimtazama wakati wote, sikuondoa macho, na sikumwonea huruma. Machozi niliyotoa yalikuwa ya Mzee.

Bibi amerudi Thailand kwa dada yake. Mbao aliniachia mimi. Dada Mkenya huniambia kwamba rekodi zinasikilizwa sehemu nyingi. Kuna msichana huko Bangkok aliyeandika kuwa amejifunza wimbo mzima kwa kufuata ule mkono wa kushoto wa polepole, na kuna mzee mmoja aliyelalamika kwamba jina la mgeni limewekwa pasipostahili. Huniambia pia kwamba wanaosikiliza kwa wingi zaidi wako Columbus. Siulizi ni nani. Yeyote yule, kila akitaka wimbo, hupitia kwanza yale maneno.

Mimi mwenyewe nimehamia upande huo. Kazi ya ghala Reynoldsburg, pembeni ya Columbus, ina joto kuliko kiwanda cha nyama, na vidole vyangu vimeanza kulegea. Jumapili moja baada ya kanisa nilikuwa dukani nikichagua mchele, nikamwona mbele yangu na kigari chake. Amekonda. Nimesikia kundi lake bado linapiga, ila hajiiti tena mrithi. Tulisimama tukitazamana kati ya magunia.

Alinisalimia, nikaitikia. Kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Ule muziki wa kuwaalika walimu. Alikupa wewe?"

Ningeweza kumjibu kweli kwa neno moja, naye angelala usingizi siku hiyo, akijua kwamba umekufa na kwamba hakuna aliyempita. Nilimwona akinitazama mikono.

"Mambo ya kru hayaongelewi dukani," nilimwambia.

Aliachia kigari chake. Halafu, pale mbele ya watu na vigari vyao, alikutanisha viganja, akaviinua mpaka kwenye paji la uso, akaniinamia kama mtu anavyomwinamia mwalimu. Sikumzuia na sikumrudishia. Nilichukua mchele wangu nikaenda kwenye foleni.